Ushauri wa kufuta kila programu iliyokuja na kompyuta umesema nusu tu

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naandika kuhusu ule ushauri wa ukurasa wenu wa teknolojia, kwamba mtu akipata kompyuta mpya kitu cha kwanza afute programu zote zilizokuja nayo, na mkamwekea kabisa komandi ya kunakili na kubandika kwenye PowerShell, lile dirisha la Windows la kuandikia komandi, eti akimaliza mashine inakuwa nyepesi. Mimi ni fundi kompyuta, na niseme ukweli ushauri wa namna hiyo unatuletea kazi sana sisi mafundi, ila mtu akija hasemi nilifuta vitu, anasema apdeti imeharibu mashine yangu, au ni virusi, au laptopu ilikuwa mbovu toka kiwandani, na inabidi umhoji taratibu mpaka akumbuke kwamba kumbe kuna kitu alibandika miezi kadhaa nyuma.

Nisieleweke vibaya, takataka zipo na sizitetei. Unawasha laptopu yako mpya unakuta antivairasi ya majaribio inakukumbusha kila siku kwamba hujalipia, magemu ambayo hujaomba, vilinki vya kununulia vitu, na programu za mtengenezaji ambazo mbili au tatu zinafanya kazi ileile. Watengenezaji wanalipwa ili waziweke, hiyo si siri, na mwenye mashine ana haki yote ya kuzitoa. Ugomvi wangu uko kwenye namna ya kutoa. Kuna kufuta ambako mfumo endeshi unajua, yaani unaingia Settings, unaiona programu kwenye orodha, unabonyeza ondoa, na ile programu inafunga hesabu zake, kama kuna huduma ilikuwa inaendesha kwa nyuma inaizima, kama kuna aina za faili ilizokuwa inafungua inaziachia. Halafu kuna kufuta ambako mfumo hauna habari, unafuta folda kwa nguvu, unajimilikisha mafaili ya mfumo ili yakubali kufutika, unaendesha skripti (mlolongo wa komandi zinazojiendesha zenyewe) ya mtu usiyemjua inayong'oa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Hapo inakuwa kama mpangaji aliyehama usiku na funguo mfukoni, jina lake bado liko kwenye daftari, wageni wake bado wanakuja kubisha hodi, na ndani hakuna mtu. Matatizo karibu yote ninayokutana nayo yanatoka kwenye hii namna ya pili.

Nianze na OneDrive, ile huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, maana ndiyo inayoliza watu kuliko zote, na hii hata ukipita njia halali inaweza kukuumiza ukifanya haraka. Siku hizi ukiiwasha Windows mara ya kwanza na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi bakapu ya OneDrive inawaka bila mtu kuelewa vizuri amekubali nini, na ikishawaka folda zako za Desktop, Documents na Pictures hazikai tena pale pa zamani, zinahamia ndani ya folda ya OneDrive. Kwa macho huoni tofauti yoyote, ikoni ziko palepale, majina ni yaleyale. Juu ya hilo kuna utaratibu wa kuokoa nafasi, faili unaliona jina lake na lina alama ndogo ya wingu pembeni, lakini faili lenyewe halipo kwenye diski yako, lipo kwenye seva, na linashushwa pale unapolifungua. Sasa ilete skripti iing'oe OneDrive. Majina yanabaki, ukibofya unapata kosa 0x8007016A, maana yake yule aliyekuwa analeta mafaili kutoka kwenye wingu haendeshi tena, au kompyuta inafungua Desktop tupu kabisa kwa sababu ile njia ya folda imebaki inaelekeza sehemu isiyo na kitu.

Hapo ndipo mtu anachanganyikiwa. Anaona kazi zake zote hazipo, anashusha programu za kurejesha mafaili yaliyofutwa, anainstoli kwenye diski ileile anayotaka kuiokoa, anaandika juu ya vile ambavyo labda vingepatikana, wengine wanaamua kupiga Windows upya kwa hasira, na muda wote huo mafaili yake mengi yamekaa salama kwenye akaunti yake, angefungua tu brauza akaingia OneDrive kwa paswedi yake angeyakuta. Mwenye kutaka kuitoa OneDrive, na ni sawa kabisa kuitoa, aanze ndani ya OneDrive yenyewe, azime bakapu ya zile folda, ahakikishe kila faili limeshuka kwenye diski, yaani alama ya wingu imegeuka kuwa tiki ya kijani, ayahamishe mafaili kwenye folda za kawaida kama bado yamebaki kule ndani, afungue moja moja kadhaa ajiridhishe, atenganishe akaunti, ndipo aondoe programu kwa njia ya kawaida. Inachukua muda, hasa intaneti ikiwa ya kusuasua, na ndiyo maana hakuna skripti inayokufanyia hivyo, skripti haina subira ya kuuliza kama mafaili yako yameshuka.

Kingine ni brauza. Watu wengi hawaipendi Edge, brauza ya Microsoft inayokuja na Windows, sawa, ugomvi wa namna hii si wa leo. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft, na moja ya hoja ilikuwa hiyo ya kuifungamanisha Internet Explorer, brauza yake ya wakati ule, na Windows, Microsoft ikawa inasema haitoki, ukiitoa Windows inazorota. Profesa mmoja wa Princeton, Edward Felten, akaandika programu ya kuitoa, na mwezi wa pili mwaka 1999 Microsoft ikapeleka mahakamani video ya kuonyesha kwamba ile programu inaharibu Windows, mwanasheria wa serikali David Boies akamuonyesha Jim Allchin, mkubwa wa Windows wakati ule, kwamba mambo yanayoonekana kwenye hiyo video hayaendani, ikawa aibu ya mwaka. Watu wanaikumbuka hiyo sehemu na wanaipenda, na mimi pia naipenda. Wanachosahau ni kwamba programu ya Felten haikung'oa kila kitu. Iliondoa njia ya mtumiaji kuifikia brauza, lakini sehemu kubwa ya ile mashine ya ndani inayochora kurasa iliiacha, kwa sababu programu nyingine na hata kurasa za msaada za Windows zilikuwa zinaitegemea. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na lake, mlango ulitoka bila shida na chumba cha nyuma kikabaki.

Leo chumba hicho cha nyuma kinaitwa WebView2. Ni injini ileile ya Edge ila haina sura, haina ikoni, haina dirisha, na programu nyingi zinaitumia kuchora yale mnayoyaona ndani yake, Teams mpya inaitumia, Outlook mpya inaitumia, Widgets za Windows zinaitumia, na programu kibao za kampuni nyingine ambazo hata huwezi kudhani. Skripti nyingi za kung'oa Edge hazichagui, zinasomba na WebView2 humohumo, kesho yake mtu anafungua Outlook anaona dirisha jeupe. Na zile zinazoiacha WebView2 mara nyingi zinaua huduma ya kuapdeti ya Edge, sasa huduma hiyohiyo ndiyo inayoapdeti WebView2, maana yake injini unayo, programu zako zinaitumia kila siku kufungua vitu vya intaneti, lakini haipati tena marekebisho ya usalama. Kwa kweli hiyo naiona mbaya kuliko dirisha jeupe, maana dirisha jeupe unaliona, hii huioni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya masoko ya kidijitali iliwabana Microsoft, tangu Machi 2024 mtumiaji wa kule anaweza kuondoa Edge kwa batani ya kawaida na injini ikabaki kwa ajili ya programu nyingine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe kila mahali na hapo nawalaumu Microsoft bila kupepesa, kwa sababu batani ikiwa imefifia mtu anaenda kutafuta shoka.

Halafu kuna vile vifurushi vidogo ambavyo ukiviangalia kwenye orodha ya PowerShell unaona ni uchafu mtupu, majina kama VCLibs, NET Native, UI.Xaml, hakuna anayekumbuka kuviinstoli. Hivyo ni vitegemezi, apu nyingine zinasimama juu yake. Vifute uone, Kikokotoo kinafunguka na kujifunga chenyewe, Photos hivyohivyo, na hakuna ujumbe unaokuambia kwa nini. Game Bar, apu ya Windows ya wacheza gemu, nayo watu wanaitoa kwa sababu hawachezi gemu, haya, siku mtoto akifungua gemu kinaibuka kidirisha kinachosema unahitaji apu mpya ya kufungua linki ya ms-gamingoverlay, ukikifunga kinarudi. Kwenye Windows 11 ukurasa wa Windows Security, ule wa kuangalia kama kinga inafanya kazi, nao ni apu, jina lake kwenye orodha ni SecHealthUI, nimeona skripti zinaifuta kama vile ni tangazo. Na Microsoft Store ndiyo kabisa, wenyewe Microsoft wanasema kuiondoa si kitu wanachokiunga mkono, na ukifikiri utaona sababu, ukishafuta duka utachukulia wapi zile apu nyingine siku ukizihitaji? Kuna komandi ya wsreset -i ambayo mara nyingine inairudisha, mara nyingine haifanyi chochote unabaki unaitazama tu.

Sasa hiyo skripti yenyewe. Naomba msomaji ajiulize kitu kimoja kabla ya kubandika, inataka uiendeshe kama nani? Kama msimamizi wa mashine, maana bila hivyo haiwezi kung'oa kitu. Yaani mtu usiyemjua unampa madaraka yote ya kompyuta yako kwa mstari mmoja, na mara nyingi mstari wenyewe unashusha mistari mingine kutoka kwenye intaneti ambayo hata ukitaka kuisoma huioni mpaka imeshaendeshwa. Mwaka 2022 kulikuwa na skripti iliyokuwa inaitwa Windows Toolbox, ilikuwa GitHub, tovuti ambako watu wanaweka programu wanazoandika, inajitangaza kwamba inatoa programu zilizokuja na Windows, inaamsha leseni, na inaweka Google Play Store kwenye Windows 11. Na ilikuwa inafanya kweli hayo inayosema, ndiyo maana watu waliiamini, lakini kwa nyuma ilikuwa inaleta trojani, yaani programu hasidi inayojificha, na kuweka ekstensheni mbaya kwenye brauza. Mtu aliyeitumia aliona apu zimetoka, akafurahi, akawatumia na marafiki.

Zile Windows zilizopunguzwa, ambazo watu wanaziita Windows laiti, ni ukoo huohuo. Na zimepata soko zaidi sasa maana usaidizi wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye mashine ya zamani anatafuta kitu kitakachoingia. Si kwamba kila anayezitengeneza ana nia mbaya, wapo wanaofanya kwa uwazi na wanaeleza walichotoa, shida ni kwamba faili unalolipata wewe limepita mikono mingapi. Mwaka 2023 kampuni ya antivairasi ya Doctor Web iligundua Windows 10 zisizo rasmi zinazosambazwa kwa torenti zikiwa na kirusi kilichojificha kwenye ile sehemu ndogo ya kuwashia ya EFI, mahali ambapo antivairasi nyingi hazina mazoea ya kupekua, kazi yake kubadilisha anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali pale mtu anaponakili na kubandika. Na hata ile isiyo na kirusi, mara nyingi Windows Update imezimwa ndani yake ili isirudishe vilivyotolewa. Wasomaji wanaikumbuka WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai malipo, Mei 2017, hospitali za Uingereza zikasimama. Kiraka cha kuzuia kile kitu Microsoft walikuwa wamekitoa mwezi wa tatu mwaka uleule, walioumia ni ambao hakikuwafikia.

Nigeukie programu za watengenezaji wa laptopu, hapa ushauri wenu ulikuwa na hoja nzuri ila haukufika mwisho. Ni kweli baadhi ya hizi ni hatari kukaa nazo. Mwaka 2016 watafiti wa Duo Security waliangalia programu za kuapdeti zinazokuja na laptopu za Acer, Asus, Dell, HP na Lenovo, wakakuta kila kampuni ina angalau tundu moja kubwa. Na mwaka 2019 Kaspersky wakatoa taarifa kwamba ASUS Live Update, programu inayokuja na mashine, ilikuwa imetumiwa na wadukuzi kusambaza programu yao ikiwa na sahihi halali ya kampuni. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuzitoa simkatazi. Namuuliza tu, ukiitoa hii batani zako za kuongeza mwanga zitafanya kazi? Laptopu nyingi zile funguo za Fn, ukomo wa kuchaji betri ili isife haraka, kasi ya feni, vinategemea programu au huduma ya mtengenezaji, mtu anafuta vyote akidhani ni matangazo kisha anakuja analalamika batani ya kuzima maiki imekufa, anabadilisha kibodi, kibodi haina kosa.

Lakini kisa ninachotaka watu wakielewe zaidi ni cha Superfish, kwa sababu kinaonyesha kwamba kufuta nusu ni kubaya kuliko kutofuta. Lenovo waliiweka kwenye baadhi ya laptopu zao kuanzia mwaka 2014, kazi yake kuingiza matangazo kwenye kurasa unazofungua, na ili iweze kuingilia hata kurasa zenye kufuli iliweka cheti chake kwenye mashine, kile cheti cha mzizi ambacho kompyuta ikikiamini inaamini kila kilichosainiwa nacho. Mwezi wa pili 2015 mambo yakafumuka, mtafiti Robert Graham akapata paswedi ya ule ufunguo wa siri, ilikuwa "komodia", na ufunguo ulikuwa mmoja kwa laptopu zote. Watu wakakimbilia kuondoa programu, wakaona jina limetoka kwenye orodha, wakapumua. Cheti kilibaki. Mtu aliyekaa na wewe kwenye wifi moja na ana ule ufunguo angeweza kujifanya benki yako na brauza isiseme neno. Baadaye ikabidi Lenovo watoe kifaa maalumu cha kusafisha vyote viwili. Mwaka huohuo mwezi wa kumi na moja Dell nao wakakutwa na cheti kinaitwa eDellRoot, hicho kilikuwa kinyume chake, ukifuta cheti peke yake kinarudi, maana kuna faili jingine la Dell lililokuwa linakirudisha, ilibidi ulitoe lile kwanza.

Antivairasi za majaribio ziko kwenye fungu hilohilo. Ukifuta folda yake kwa mkono zinabaki draiva zake, vile vipande vinavyofanya kazi ndani kabisa ya mfumo, zilizokaa kwenye njia ya mtandao na ya mafaili, kompyuta inaweza kukataa intaneti kabisa, na Windows bado inadhani kuna mlinzi mwingine kwa hiyo kinga yake yenyewe haiwaki. Karibu kila kampuni ya antivairasi ina kifaa chake cha kujitoa, kinapatikana kwenye tovuti yao, tumia hicho.

Mnaweza kusema fundi huyu anatisha watu, mbona wengi wameendesha hizo skripti na mashine zao zinaenda. Ni kweli zinaenda, na ndiyo sababu zinawadanganya. Siku ya kwanza kila kitu ni safi, unaona nafasi imeongezeka kidogo, unawaambia wenzako. Tatizo linakuja siku ya apdeti kubwa, Windows inataka kubadilisha faili fulani, inakuta halipo au halilingani na kumbukumbu zake, inashusha mpaka mwisho, inarestati, inafika katikati, inarudi nyuma, inakuandikia 0x800f081f au 0x80073712, hiyo ya pili ikimaanisha ghala lake la vipande limeharibika. Kesho inajaribu tena hivyohivyo, na bando lako linaliwa. Au apdeti inafanikiwa na zile apu ulizong'oa zinarudi zote, kwa sababu ulizitoa kwa mtumiaji wewe tu, nakala ya kugawia watumiaji wapya ilikuwa bado imo ndani. Basi mtu anaanza upya.

Kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine, mambo ni yaleyale, tofauti ni kwamba Linux inakuambia waziwazi na watu hawasomi. Mwaka 2021 Linus Sebastian, yule wa video za kompyuta, alikuwa anajaribu kuinstoli Steam, programu ya magemu, kwenye Pop!_OS, aina moja ya Linux, mfumo ukamwambia kwamba ili hilo lifanyike itabidi vitolewe vifurushi vya muhimu, ukamtaka aandike kabisa "Yes, do as I say!", akaandika, desktop yote ikaondoka akabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Kosa la kifurushi halikuwa lake, lile onyo ndilo lilikuwa mbele yake. Kwenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ukitaka kutoa python3 (lugha ya kuandikia programu) kwa kudhani huhitaji kuandika programu, soma kwanza ile orodha ya vitakavyotoka nayo kabla ya kubonyeza y. Mac wao walimaliza mjadala, tangu 2015 wanalinda mafaili ya mfumo, na tangu toleo la Big Sur la 2020 sehemu nzima ya mfumo imefungwa kwa muhuri, apu zao nyingi huzitoi utake usitake. Mimi sipendi kufungiwa namna ile, lakini sijawahi kuletewa Mac iliyoharibika kwa kufutwa Kikokotoo.

Na faida yenyewe ni ndogo, hili ndilo ukurasa wenu ulipaswa kuanza nalo. Apu ambayo huifungui na haijiwashi yenyewe haili RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, imekaa kwenye diski tu. Zile ikoni za TikTok na Spotify unazoziona kwenye menyu ya Start ya Windows 11, nyingi hazijainstoliwa hata, ni kivuli kinachoshusha apu ukikibofya, ukikitoa kwa kubofya kulia umemaliza. Mashine inayoenda kama konokono mara nyingi ina diski ya zamani inayozunguka, au RAM ya GB 4 na brauza yenye tabo hamsini, au programu kumi zinazojiwasha mwanzoni. Hizo za kujiwasha unazizima kwenye Task Manager, sehemu ya Startup, huvunji kitu na ukijuta unaziwasha tena. Kuhamia SSD, diski isiyozunguka, kutaonekana siku hiyohiyo, kufuta apu ya hali ya hewa hakutaonekana.

Naomba basi toleo lijalo mrudie ile makala na muiondoe ile komandi, au angalau muandike kwamba mtu atoe kile anachokiona kwenye Settings na chenye batani ya kuondoa, kimoja kimoja, akae nacho siku kadhaa aone kama kuna kilichogoma. Batani hizo zimeongezeka, tangu mwisho wa 2023 Windows 11 inakubali utoe hata Camera na Photos kwa njia ya kawaida.

Kwa msomaji ambaye ameshaiendesha ile komandi na mashine imeanza vituko, usikimbilie kupiga Windows upya. Kwanza ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu au kompyuta nyingine uangalie kama ufunguo wa BitLocker (kile kifunga diski cha Windows) wa mashine yako upo, uandike pembeni, maana laptopu nyingi mpya diski yake imefungwa kwa siri bila mwenyewe kujua na katikati ya matengenezo inaweza kukuomba zile namba 48. Nakili mafaili yako nje, kwenye diski au flashi, na kama ulikuwa na OneDrive angalia na kule mtandaoni. Halafu fungua terminali kama msimamizi uendeshe DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza ndiyo sfc /scannow, kwa mpangilio huo huo maana ya pili inachukua vipande kutoka kwenye ghala ambalo ya kwanza imelirekebisha. Zikishindwa, shusha faili la ISO, lile lenye Windows nzima ya kuinstoli, kutoka tovuti ya Microsoft wenyewe, lifungue ukiwa ndani ya Windows hiyohiyo, bofya setup, chagua kubaki na mafaili na programu. Inajenga mfumo upya juu ya ule ulioharibika na vitu vyako vinabaki. Ikitokea sehemu ya kuchagua inakupa tu "Nothing", yaani haikubali kubaki na chochote, simama hapohapo usibofye endelea, mara nyingi ni kwamba lugha au toleo la ISO halilingani na Windows uliyonayo.

Wako,
Fundi kompyuta na msomaji wenu wa siku nyingi